Kisu Alichonichagulia Agronome

Alikozaliwa sikujui, na sikuwahi kuuliza. Watu wa Likasi walimwita Agronome, ingawa hakusomea kilimo mahali popote. Alianza kwa kufyeka majani kwenye bustani za wakubwa wa mgodi, akawatazama wengine wakibebesha miti, akauiba ufundi ule kwa macho. Alipotoka huko alikuwa anaweza kukata kijiti cha parachichi tamu, akakiunganisha juu ya mche wa parachichi la porini, na baada ya miaka michache mti ukazaa kama ambao haukuwahi kuwa kitu kingine. Masista wakampa shamba lao la miche, njia ya kwenda Buluo, na humo alitawala mpaka uzee. Nilifanya kazi chini yake miaka minne. Nitamwandika bila upole, kwa sababu yeye hakuwa nao, na sioni kwa nini kaburi limpe kitu alichokikataa akiwa hai.

Alikuwa mfupi, mkavu, na shingo yake ilikuwa imekaa mbele kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa watu. Alivaa koti moja la kijivu, masika na kiangazi, lenye mfuko mdogo ulioshonwa ndani kwa ajili ya kisu. Kisu hicho cha kukunja, greffoir kama alivyokiita, kilikuwa na mpini wa mti mweusi uliong'aa kwa jasho lake na ulimi mdogo wa shaba wa kuinulia ganda la mti. Asubuhi alikifungua, akanyoa vinyweleo vichache vya mkono wake wa kushoto ili kujaribu makali, akakifunga. Mkono ule ulikuwa na upara kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye kiwiko. Tulipouona umenyolewa upya tulijua kazi imeanza.

Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mfanyakazi mmoja, baba wa watoto sita, alikikuta juu ya meza ya udongo siku moja akakikatia mkate. Agronome hakupiga kelele. Aliuchukua ule mkate akawatupia kuku, halafu akamwambia yule baba asimame juani, ameshika jiwe la kunolea kwa mikono miwili, mpaka saa ya kutoka. Yule baba alisimama. Sisi tulipita mbele yake na ndoo zetu za maji, na ninakiri kwamba tulicheka.

Alikuwa na maneno yake. "Muti hauna huruma, juu ya nini minye nikuwe nayo?" Hilo, kwamba mti hauna huruma basi kwa nini yeye awe nayo, alilisema karibu kila siku. Lingine lilikuwa, "Mukono njo bulletin yako," yaani mkono wa mtu ndio cheti chake cha shule. Mtu akikata vibaya, Agronome alikiokota kile kijiti, akakiweka kwenye mfuko wa shati wa yule mtu kama kalamu, na ole wako ukikitoa kabla ya jioni. Kuna waliorudi mtaani Kikula na vijiti vitano kifuani, na sokoni watu waliwauliza kama wameota matawi.

Lakini la chumvi lilikuwa langu peke yangu, kwa sababu mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Kwetu mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi kwenye chungu. Anamwita mtoto au jirani amtilie. Kila mtu anajua, na hakuna anayelitaja. Agronome alilichukua jambo hilo la jikoni akalipeleka shambani. Alishika imani kwamba mti uliokatwa na mwanamke wa namna hiyo lazima ukauke. Basi kila asubuhi, mbele ya wanaume sita, aliniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Mama, leo unatia chumvi?"

Nikisema ndiyo, nilienda kwenye miche. Nikisema hapana, nilikaa upande wa mifuko, nikijaza udongo, na kila aliyepita alijua kwa nini. Siku moja nilichoka. Nikamjibu, "Leo ninatia, Papa. Na mama ku nyumba, yeye anatia? Maana unakondaka sana." Wanaume walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Agronome naye alicheka, tena kuliko wote, akafuta machozi. Halafu akanipa kazi ya kubeba mbolea ya nguruwe wiki mbili mfululizo.

Nisiseme uongo, alikuwa na upande mwingine. Kanisani, wimbo wa komunyo ulipoanza, machozi yalimtoka kama mtoto. Mfanyakazi akiugua, alimpelekea uji mwenyewe kwa miguu. Mume wangu, aliyekuwa mchimba madini kwa mikono, alipofunikwa na udongo, Agronome alikuja kwenye kilio na mfuko wa unga begani, akakaa na wanaume siku tatu kwenye kigoda. Siku ya tatu aliniita pembeni. "Njoo ku kazi lundi," akaniambia, yaani Jumatatu. "Ganda ya muti inapendaka mukono ya mwanamuke." Nilikuwa na watoto wawili wa kike na sikuwa na kitu, na huyo ndiye aliyenishika. Ndiyo maana nilimwamini kwa muda mrefu kuliko alivyostahili.

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono huo ni kumtukana, hilo nililijua tangu utoto, lakini mama yangu alichoka kunichapa baada ya kuvunja sahani nyingi kwa mkono wa kuume, akaniacha nifanye kazi kwa wa kushoto na nisalimie kwa wa kuume. Agronome aliliona siku ya kwanza. Nilimpelekea fungu la vijiti vya machungwa, vimekatwa asubuhi ile kutoka mti bora wa masista, na nikajisahau. Hakulipokea. Alikaa ameutazama mkono wangu mpaka mimi mwenyewe nikaushusha, fungu likaanguka kwenye tope.

"Mukono ile ni ya kujipangusa," alisema. "Minye si choo."

Yupo mtu atakayedhani alichukia jambo hilo kama wazee wengine tu wanavyolichukia. Mimi pia nilidhani hivyo.

Mwaka wa tatu masista waliona kwamba Agronome anazeeka. Walisema mmoja wetu afundishwe ashike nafasi yake, na anayeishika atapewa nyumba iliyo ndani ya ua, vyumba viwili na bomba la maji mlangoni. Wakati huo nilikuwa ninaishi Kikula kwa shemeji yangu. Shemeji alishaniambia mara mbili, akiwa hajalewa, kwamba ama nimkubali yeye badala ya marehemu, ama nichukue binti zangu niondoke. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa cheo kwangu. Ilikuwa mlango ambao mimi na watoto wangu tungeweza kuufunga kwa ndani.

Masharti yalikuwa mepesi kusema. Kila anayetaka atabebesha miche arobaini ya parachichi, na yule ambaye miche yake mingi itashika ndiye atakayechukua nafasi. Na afanye kwa kisu chake mwenyewe, maana Agronome alisema fundi wa kuazima kisu ni kama bwana harusi wa kuazima viatu.

Nikauza vitenge vyangu viwili, pagne za super wax, na sufuria za harusi. Agronome mwenyewe akajitolea kunisindikiza Lubumbashi, kwenye duka la vifaa vya chuma la Mhindi mmoja aliyeleta visu vizuri kutoka Ulaya. Nilifurahi kama mtoto wa Krismasi. Njiani alinifundisha namna ya kuchagua, na mafundisho yale yalikuwa ya kweli, ndilo jambo linaloniudhi zaidi. Kisu cha kukunja usikitazame kwanza, alisema, kisikilize. Kifunge karibu na sikio. Springi nzuri inagonga mara moja, kavu, haisiti. Halafu kamata ncha ujaribu kuitikisa kulia na kushoto. Ikicheza hata kidogo, rudisha. Kitazame makali yake ukikielekeza dirishani, na ukiona nukta inayong'aa, hapo ni butu. Mpini ujaze kiganja bila kukilazimisha, na mti wake usiwe umepakwa rangi, maana rangi inaficha ufa.

Mwenye duka alitandika kitambaa juu ya meza, akaweka visu vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha mpini wa plastiki, na Agronome alikisukuma pembeni kwa kidole. Cha pili kilikuwa na mpini wa mti wa kahawia na ulimi wa shaba, kizuri mpaka nikaogopa kukigusa. Cha tatu kilifanana na cha pili kama pacha. Agronome alikifungua cha pili, akakisikiliza, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Kisha akakifungua cha tatu. Hicho alikaa nacho. Alikilaza kwenye kiganja, akakifunga, akakifungua tena, akapitisha kidole gumba kwenye ubavu wa chuma. Mwenye duka akaanza kumweleza jambo kwa Kifaransa.

"Je sais, je sais," Agronome alimkata, yaani anajua. Akakirudisha kwenye kitambaa, polepole. "Hii iko na kasoro. Kamata ile ya pili, mama. Njo yako."

Tukiwa tunatoka alicheka peke yake. "Mutoto akililia wembe, umupe," alisema. Nilidhani ni utani wa mzee.

Kukizoea kisu kile ni jambo ambalo nisingemtakia hata shemeji yangu. Springi ilikuwa ngumu. Kucha ya gumba ilipasuka mara ya kwanza nilipokifungua, ikapasuka tena kabla haijapona. Hilo ni la kawaida, kila kisu kipya kizuri kina kiburi chake. Nilikipaka mafuta ya mawese kidogo kwenye kiungio, nikakifungua na kukifunga mara mia kwa siku mpaka kikalegea. Nilikishonea mfuko ndani ya blauzi kwa sababu nilitaka kijue joto langu. Mpini ulianza kuingia kiganjani. Ila kukata, hapana. Mkato wa kubebeshea lazima uwe bapa kabisa, ili ukiweka kijiti juu ya shina pasipite hata pumzi. Mimi nilivuta kisu, na makali yakazama ndani ya mti, yakatoka tena juu, na mkato ukawa na shimo kama kijiko. Nilivuta polepole, ukawa kijiko. Nilivuta haraka, kikaniingia kwenye gumba.

Kila alasiri nilikaa uani kwa shemeji nikikata vijiti vya mpera. Binti zangu waliviokota wakawashia moto. Tulipika kwa makosa yangu miezi miwili.

Agronome alichukua mikato yangu mbele ya wote, akabana vipande viwili, akaviinua juani. "Kuyeni muone! Mama ametia dirisha. Kesho ataweka rideau, pazia yake." Nilipomuuliza ninakosea wapi, aliniangalia kwa huruma ya kuigiza. "Kisu ni ile ya muzuri, uliona mwenyewe. Tubaki na nini? Tubaki na weye. Ni damu yako, mama. Haipatanake na muti."

Na mimi nikaamini. Haya ndiyo ninayoona ugumu kuyaandika. Niliamini kwamba mwilini mwangu mna kitu kinachoua miti. Nikaacha kugusa miche si siku zangu tu, bali na siku za kabla na za baada. Nyumbani nilimkataza binti yangu mkubwa, aliyekuwa ameanza kuwa msichana, asimwagilie maharage ya jirani. Alilia, na mimi nikamwambia maneno yale yale niliyoambiwa.

Miche yangu arobaini, ilishika mitatu. Agronome aliihesabu kwa sauti mbele ya masista, akigusa kila kijiti kilichokauka, na kila kimoja alikitaja kwa namba yake kama mtu anayesoma majina ya wafu. Mitatu iliyoishi hakuitaja. Nyumba akapewa kijana mmoja ambaye baada ya mwaka aliiacha akaenda kuchimba madini Kamatanda. Mimi Agronome aliwaambia masista, "Huyu mukono yake si ya miti," na neno lile likabaki kwenye midomo yao. Niliondoka na binti zangu. Tulipanga chumba kimoja kwa mama mmoja wa Kikula aliyeuza makala, yaani makaa ya kupikia, nikauza naye.

Kisu sikukiuza. Nilikitumia kukatia kamba za magunia ya makala, na kilipokuwa butu nilikipeleka sokoni kwa mnoaji, mzee mwenye jiwe la kuzungusha kwa miguu. Alikitazama, akaniangalia nilivyokishika, akasimamisha mguu.

"Mama, hii kisu umeiba?"

"Namna gani, niibe? Nilinunua."

"Basi balikudanganya. Ona. Banainola upande moja tu. Upande huu iko bapa, njo unalala ku muti. Ni ya mutu wa mukono ya kuume. Weye uko gaucher, mutu wa kushoto, bapa inabakia inje, makali inazama. Batu ba mukono yako beko na yao, inanolewa upande ingine. Niliionaka."

Aliniweka kisu kwenye mkono wa kuume, akanipa ukuni mwembamba, akasema nivute. Nilivuta vibaya, mkono ule haukuwa na akili yoyote. Mkato ukatoka bapa.

Nilikaa juu ya gunia langu. Nilikumbuka kisu cha tatu kwenye kitambaa. Kesho yake nilikwenda hadi shambani, nikamkuta Agronome amechuchumaa kwenye miche, nikamwambia yote aliyosema mnoaji. Hakusimama.

"Kisu haina kasoro," alisema. "Mukono yako njo iko nayo."

Basi nikaufundisha mkono mwingine. Niliufunga wa kushoto kwa kipande cha pagne kiunoni, mchana kutwa, nikauza makala kwa mkono mmoja, na wateja wakauliza nimevunjika lini. Ulinichukua karibu miaka miwili. Ukinitazama leo ninavyokata, utasema nilizaliwa hivyo. Nilianza kubebesha miti kwenye viwanja vya watu Kikula, mparachichi mmoja hapa, mlimau pale, na ikashika. Ilishika hata siku ambazo sikutia chumvi. Nilimwita binti yangu mkubwa, nikamwonyesha, nikamwomba msamaha.

Masista wengine wakahamishwa, akaja Sista mpya kutoka Kasai, kijana, mtu wa karatasi. Alisikia habari zangu, akaja kuona miti yangu, akaigusa mmoja mmoja. Nafasi ilikuwa wazi tena, na nyumba yake. Mwenye chumba chetu alikuwa ametuambia tuhame, mwanawe anaoa.

"Minye nakubali, mama," Sista aliniambia. "Ila ba Soeur, masista bakubwa, banasema Agronome alikukatalia. Uniletee neno yake, kwa karatasi. Akisema uko bien, uko muzuri, kesho unaingia mu nyumba."

Agronome alikuwa amepigwa na ugonjwa wa kupooza miezi mitatu kabla. Mke wake alinifungulia, mwanamke mpole anayeongea chini kwa chini. Nilimkuta mzee ameketi kitandani, upande wa kuume wote umeanguka, mdomo umeteleza, mkono wa kuume umelala juu ya blanketi kama glavu iliyosahauliwa. Nilifurahi kuuona hivyo. Ninasema bila haya, nilifurahi.

Kisha nikaona alichokuwa anafanya. Alikuwa amebana chungwa katikati ya magoti, na kwa mkono wa kushoto, kwa kisu cha jikoni, alikuwa analimenya. Ganda lilitoka utepe mmoja mrefu, mwembamba, bila kukatika, mpaka chini. Mkono wa mtu aliyejifunza juzi haufanyi hivyo. Aliniona ninautazama, akataka kuuficha, akaona amechelewa.

Mke wake ndiye aliyesema, akiwa ameinamia beseni. "Ni mukono wake wa kuzaliwa, mama. Ku masomo balimufungaka nayo ku mugongo, na kamba. Humu ndani, mulango ikifungwa, njo anakuliaka nayo. Barua zangu za uchumba aliandikaka nayo."

Nilimuuliza Agronome neno moja tu, kisu cha tatu. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini akili ilikuwa palepale.

"Ilikuwa ya mukono wako," alisema. "Na wangu. Niliikamata, nikasikia sawa na mutu anarudi kwao. Miaka yote sijakamataka kisu ya mukono wangu, mama. Nikasema niinunue. Nikasikia haya, batu bangeniona." Akapumua. "Halafu weye, mwanamuke, utembee nayo mu batu, bila haya? Apana. Hiyo sikuweza."

Nilitaka kumpiga. Nilihitaji karatasi. Nilimweleza habari za Sista na nyumba, na nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliiogopa, kwamba ana deni kwa watoto wangu. Kisha akamwomba mkewe daftari na kalamu. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala vizuri, zimeshikana, nzuri kama za kadi ya ubatizo. Aliandika kwamba kosa lilikuwa la kisu na la aliyekichagua, na kwamba mama huyu anabebesha miti kuliko mtu yeyote Likasi. Akaweka sahihi. Nilimshukuru, tena kwa dhati.

Sista alisoma barua ile akatabasamu. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa karatasi, akafungua kabati akatoa madaftari ya shamba, ya miaka na miaka, yote yameandikwa na Agronome kwa mkono wa kuume. Mistari ilikuwa imepinda, herufi zimekwaruzwa kama kuku amepita. Akaweka barua yangu kando yake. Tabasamu likaisha.

"Mama. Hii si mwandiko wake."

Nikamwambia twende wote, sasa hivi, akamuulize mwenyewe.

Tulimkuta na wageni. Wanaume wawili wa kwaya walikuwa wamekuja kumwombea mgonjwa, wamekaa na kofia zao magotini. Agronome alipotuona mlangoni, mkono wa kushoto uliingia chini ya blanketi. Nilikuwa wa kwanza kuliona hilo, na tayari nikajua. Sista alisalimia, akainama, akamwonyesha karatasi karibu na macho.

"Papa, ni weye uliandika hii?"

Agronome aliisoma yote, kutoka juu mpaka kwenye sahihi yake. Aliwatazama wanaume wa kwaya. Mimi hakunitazama.

"Ma Soeur," alisema, akielekeza kidevu kwenye ule mkono wa kuume uliolala juu ya blanketi, "minye niandike na nini? Mukono njo huu. Umekufwa."

"Mwambieni atoe ule mwingine," nilisema. "Uko chini ya blanketi. Mpeni kalamu!"

"Mama!" Mmoja wa wale wa kwaya alisimama. Sista akanishika bega, bila ukali. "C'est un malade, mama, ni mugonjwa. Usimutese." Nikamgeukia mke wake. Alikuwa amesimama na kikombe cha maji, alitazama blanketi, alitazama wageni, kisha akatazama chini. "Mumuache apumuzike," alisema.

Sista alikunja ile karatasi mara mbili akaniwekea mkononi, akasema hatalisema jambo hili kwa mtu. Wanaume wa kwaya wakaanza wimbo wa wagonjwa. Agronome alifumba macho akaimba nao kwa upande wa mdomo uliobaki, na upande wa kushoto blanketi lilikuwa limekazwa kwa ndani, vidole vimelikamata kwa nguvu zote. Nilitoka nikarudi Kikula kuwaambia binti zangu wafunge vitu, na kwamba sijui tunakwenda wapi.